Mkono Mdogo kwa Jina Langu

Bwenini, 9 Januari

Kwa Dada, malkia wa sindano na uzi,

Mimi ni mzima kupita kiasi, na nikisikia na wewe ni mzima nitakula vizuri zaidi. Barua hii utapewa na dereva wa lori la maziwa. Mpe tabasamu moja, usimpe mawili, maana kila akishusha madebe hapa jikoni kwetu ananiulizia habari zako, na mimi bado sijaamua kama namtaka shemeji anayenuka mtindi. Simu zetu matroni amezifungia kabatini kwake kama kawaida, kwa hiyo utavumilia mwandiko wangu.

Habari kubwa ni kwamba niko darasa la saba. Cheka umalize. Ndiyo, tena. Hii ni mara ya tatu, na tukiendelea hivi watanijengea sanamu pale mlangoni. Dawati langu ni lile lile la nyuma, karibu na dirisha, ila magoti hayaingii tena chini yake, nakaa upande kama mtu aliyepanda punda. Mwalimu wa darasa ni mgeni, msichana aliyetoka chuoni juzi. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama mlangoni, akaniamkia kwa adabu zote, akaniambia wazazi wanasubiri ofisini. Darasa zima liliangua kicheko. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wake. Akatazama daftari la mahudhurio, akanitazama, akalitazama tena, na tangu siku hiyo hajaniuliza swali hata moja. Asilimia nimefundishwa mara tatu na watu watatu na bado sijui zinakwenda wapi zikifutwa ubaoni. Lakini majibu ya mazoezi nayajua kwa kichwa, ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo naonekana msomi.

Sasa usianze kumlaumu Kocha. Kocha ana hesabu zake. Kombe la mwaka huu, lile la chini ya miaka kumi na tano, lina kitu ndani yake. Atakayeng'ara anachukuliwa kambi ya vijana, analala huko, anasomeshwa huko, anatunzwa kama bwana harusi, na akitoka hapo ni timu kubwa moja kwa moja. Kwenye karatasi za shule nina miaka kumi na minne. Mimi na wewe tunajua ni kumi na saba, ila washambuliaji wa shule nyingine hawana muda wa kuuliza, wanaomba tu nisiwakaribie. Kocha ananinyoa ndevu mwenyewe kabla ya kila mechi. Ameniambia nisiseme neno mbele ya refa, niitikie kwa kichwa, sababu ya hii sauti yangu ya pipa.

Nishonee kaptura. Ile ya mwaka jana ilipasuka nikiwa naruka kupiga kichwa, na mashabiki waliona zaidi ya mpira.

Ni mimi,
Greda, namba nne, msawazishaji wa barabara na watu


Karakana ya ushonaji, 20 Januari

Wewe Greda wa mama yako,

Barua nimeipata na dereva nimempa nusu tabasamu. Nusu nyingine nimeiweka akiba.

Kaptura hiyo hapo. Nimeikata kwa kipimo cha mlinzi wa ghala la jirani, maana kwenye vipimo vya wanafunzi hakuna kinachokutosha. Mkuu wa karakana akaniuliza kama hii ni sare ya mwalimu. Nikamwambia ni ya mdogo wangu wa darasa la saba. Wenzangu wote waliacha kukanyaga cherehani. Nilicheka pamoja nao, lakini nilipokuwa natia zipu sikuona tena kichekesho kiko wapi.

Nakuuliza jambo moja. Mwaka juzi siku ya mtihani wa mwisho Kocha alikuona una homa. Mwaka jana siku ya mtihani akakuona tena una homa. Ni homa gani hiyo inayosoma kalenda? Ukifanya mtihani utafaulu au utafeli, vyovyote utatoka hapo. Usipofanya, hutoki. Fikiria hilo ukiwa umekaa upande juu ya punda wako.

Nyumbani tuko salama. Mama bado anawaonyesha majirani ile picha yako na kombe. Anasema siku aliyoweka dole gumba kwenye ile ruhusa ya Kocha, kwamba uende popote mpira utakapokupeleka, ndiyo siku aliyoanza kulala vizuri. Mdogo wetu Kitinda ameingia darasa la sita na ni wa tatu darasani, usimwambie nimemsifia kwako maana atavimba. Amechora namba nne kwa mkaa mgongoni mwa shati lake jeupe, nimelifua mpaka mikono imechubuka. Akicheza na wenzake anajitangaza mwenyewe, "Greda huyo, Greda huyo," kwa sauti nzito anayoitoa tumboni. Hana kifua wala hana sauti, ila majivuno amerithi yote.

Fanya mtihani mwaka huu.

Dada yako


Bwenini, 14 Februari

Dada mwenye maswali kama askari wa barabarani,

Kaptura imekaa vizuri mno, mpaka wapishi wamenigeukia. Mwambie huyo mlinzi wa ghala kwamba ana mapaja ya kimataifa.

Mtihani tutauzungumza. Kwanza nikuchekeshe. Wenye mashindano wamekuja na ujanja mpya. Mwaka huu kila mchezaji anapelekwa hospitali, anaweka mkono kwenye mashine, anapigwa picha ya mifupa pale kwenye kifundo cha mkono. Eti mifupa ya mtoto ina mianya, na mtu akishakua mianya inajifunga. Karatasi inadanganya, ndevu zinanyolewa, lakini mfupa haunyolewi. Siku tangazo lilipobandikwa, wenzangu wawili wakubwa, golikipa na yule wa pembeni mwenye mke, walifunga masanduku yao wakaondoka bila kuaga.

Mimi nipo. Usiogope, Kocha hajakunja hata uso. Alinikuta naanika viatu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama rafiki, akaniuliza habari za nyumbani. Kama nina mdogo wa kiume. Ana miaka mingapi. Kama tunafanana. Nikamwambia tunafanana sana, ila mimi ndiyo nakala nzuri. Alicheka akanipiga mgongoni. Dada, miaka yote mitatu mtu huyu hajawahi kuniuliza hata jina la mama yangu. Nilifurahi nikamweleza yote.

Kwa hiyo mlete Kitinda aje kututazama. Kocha mwenyewe ameomba. Dereva atampakia, atalala kitandani kwangu, na wiki ikiisha atarudi na hadithi za kuwachosha mwaka mzima. Mambo ya mashine usimweleze Mama, atadhani wanatupasua.

Greda, ukuta usio na mlango


Karakana, 25 Februari

Mdogo wangu,

Nimempakia asubuhi hii. Ameketi mbele, katikati ya dereva na dirisha, na mkoba wake magotini kama karani anayekwenda kazini. Nimemtia sweta. Jioni kunapata baridi, mvalishe hata akikataa, na akijidai hana njaa usimwamini. Shuleni kwake nimemwombea ruhusa ya wiki moja. Wiki moja, umesikia?

Nilipokuwa nampungia mkono kuna wazo lilinijia, na tangu hapo halijanitoka. Timu ina wachezaji kumi na mmoja, na wote wana ndugu. Kwa nini aliyeombwa kuleta ndugu yake ni wewe peke yako?

Nijibu hilo kwanza, majigambo baadaye.

Dada yako


Bwenini, 6 Machi

Dada mjanja, ungezaliwa mwanamume ungekuwa jasusi,

Basi nakujibu, ila kaa chini kwanza, na uondoe sindano mdomoni.

Kitinda amepigwa picha ya mkono kwa jina langu.

Ushamaliza kupiga kelele? Sikiliza sasa ilivyokuwa, maana ni hadithi tamu. Kocha alimvalisha jaketi langu la timu, mikono ikakunjwa mara tatu. Njia nzima ndani ya gari alikuwa anamfundisha jina langu lote, tarehe yangu ya karatasi, darasa langu. Mimi nililala chini kiti cha nyuma nimefunikwa mfuko wa mipira, maana nilikataa kukosa sinema hiyo. Kule ndani, kwa anavyosimulia mwenyewe, fundi wa picha alimuuliza jina. Kitinda akalitaja jina langu, halafu akaongeza kwa ile sauti yake ya tumboni, "Ila mashabiki wananiita Greda." Fundi akacheka, akamwambia Greda mwenyewe ni mdogo hivi. Alitoka mle amevimba, Dada, hata mlango haukumtosha.

Matokeo yakaja kwamba mifupa ya Greda ni ya mtoto, haina shaka hata kidogo. Shule nzima imepiga makofi. Nani sasa wa kunigusa? Uwanjani nacheza mimi, kwenye mashine anacheza yeye. Familia moja, mkono mmoja.

Kuna kidogo tu cha kukueleza. Kila hatua ya mashindano watapiga picha upya na kulinganisha na ile ya kwanza. Kwa hiyo Kocha amesema Kitinda abaki mpaka fainali. Anaishi stoo ya vifaa vya michezo, ana godoro na dirisha, na mchana anakaa ndani asionekane na walimu. Hana shida, anapuliza mipira, anajisomea magazeti ya zamani ya michezo. Anakusalimu. Anasema sweta linawasha.

Usininunie. Nikienda kambini nitakununulia cherehani ya umeme.

Greda, mwenye mikono mitatu


Karakana, 12 Machi

Wewe,

Sitaki cherehani. Mrudishe mtoto.

Mwalimu wake amekuja nyumbani kuuliza. Mama amemwambia Kitinda yuko kwa kaka yake, na mwalimu akasema kaka yake ni mwanafunzi, anakaaje na mgeni bwenini? Mama akanigeukia mimi. Nilidanganya. Nilimtazama mama yangu machoni nikamdanganya, kwa ajili ya kombe lako.

Unacheka kwamba mashine haikukugusa. Mimi naona kingine. Kule hospitalini kuna mtu mmoja tu kwa jina lako, na mtu huyo siyo wewe. Ukisema jina lako leo, ushahidi uko mkononi mwa Kitinda. Na Kitinda mwenyewe kwa jina lake yuko wapi? Shuleni kwake hayupo, shuleni kwako hayupo. Mmemweka stoo pamoja na koni na nyavu. Mtu asiyekuwepo mahali popote, akipotea atatafutwa wapi?

Dereva anapita huko karibu kila siku. Mpandishe. Usimsubiri Kocha akuruhusu.

Dada yako


Bwenini, 2 Aprili

Dada,

Nimechelewa kujibu. Mikono ilikuwa mizito.

Tumevuka nusu fainali. Ningekuandikia nilivyowalaza, lakini kuna mmoja amelala kweli. Winga wao, kitoto chembamba kilichovaa soksi mpaka magotini. Alikuja mbio, mimi nikaenda kwa mpira, naapa nilikwenda kwa mpira. Nilisikia mguu wake kabla hajalia. Alinitazama kutoka pale chini akasema, "Samahani, anko." Hakuwa ananitania. Aliniita anko. Refa akaniuliza kama niko sawa na mimi nikaitikia kwa kichwa, kama nilivyofundishwa. Kocha anasema huo ndio mpira. Wenzangu wamenibeba. Sijala vizuri tangu siku ile, na unajua mimi na chakula.

Halafu kuna hili la Kitinda. Asubuhi, kabla walimu hawajafika, Kocha anamtoa stoo kwenda uwanjani. Mwanzoni ilikuwa anyooshe miguu tu. Juzi nilisimama nyuma ya goli nikawaangalia. Dada, dogo anajua. Hana nguvu, ila mpira unamfuata kama unamdai. Kocha alisimama amekunja mikono, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonja kitu kitamu. Nikasema kwa utani, Kocha, usije ukaninyang'anya namba. Hakucheka. Alisema, "Huyu ana miaka mingi ya kupunguza."

Sasa Kocha anamwita Greda. Alianza ili dogo asisahau jina kule kwenye mashine, ndivyo alivyosema. Wenzangu wakafuata, kwanza kwa kuchekana. Jana kwenye foleni ya chai ya alfajiri, walimu hawajafika, mtu akaita Greda, tukageuka wawili, na aliyekuwa anaitwa hakuwa mimi. Mimi Kocha ananiita "wewe". Ameniambia nipumzishe goti. Goti langu haliumi.

Najua ulichoandika. Nitamrudisha. Imebaki fainali tu, acha nimalize hii moja.

Greda


Karakana, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Usimalize hata nusu. Barua yako nimeisoma nimesimama. Mtu akishakuambia mtoto ana miaka mingi ya kupunguza, huyo hamhitaji mwaka mmoja, anamhitaji utoto wote.

Mama nimemweleza kila kitu. Hakulia. Aliuliza tu kama Kitinda ana sweta.

Tunakuja wote wawili mwisho wa wiki ijayo, tukishakabidhi sare za watu. Lakini usitungoje. Lori litakuwa hapo kesho na keshokutwa. Dereva nimemwambia, anajua, atasubiri hata akichelewa na maziwa yakichacha. Mshike mkono mpaka mlangoni mwa lori. Umshike mkono kweli kweli.

Dada yako


Bwenini, 14 Aprili

Dada,

Msije shuleni. Hayupo hapa. Mkija mnakuja bure, nendeni moja kwa moja ofisi ya polisi, na mkiwa njiani soma hii, halafu unitukane unavyotaka, sitajibu.

Barua yako niliipata siku ile ile dereva aliyoileta. Lori lilikuwa jikoni. Kitinda alikuwa stoo anapuliza mipira, milango yote wazi, mchana kweupe. Dereva alinitazama, akazima injini, akasubiri. Nikamwambia aende, nitampakia safari ijayo, fainali ikiisha. Kombe nililiona hivi, Dada, kama ninavyoiona kalamu hii. Nikaikunja barua yako nikaitia mfukoni.

Kesho yake basi likaja kuwachukua wenzangu. Kocha alisimama mlangoni anataja majina. Alipotaja langu nikanyanyua begi. Kitinda akapanda. Alikuwa amevaa jezi yangu, namba nne, imeingizwa ndani ya kaptura mpya iliyomkaa sawasawa. Kocha akaniwekea mkono kifuani, akasema goti, wewe goti. Nikadhani ni kwa ajili ya mashine tu, kwamba uwanjani nitaitwa. Nikapunga mkono kama mjinga. Kitinda alinionyesha dole gumba dirishani, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Wamerudi juzi na kombe. Walishuka wakiimba. Nilihesabu vichwa, nikahesabu tena, nikaingia ndani ya basi kuangalia chini ya viti. Kocha nilimkuta stoo anafuta kombe kwa soksi. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi.

"Mdogo wako simjui," akasema. "Aliyeondoka ni Greda. Wakala wa kambi amempenda, wametoka naye uwanjani hapo hapo."

"Greda ni mimi, Kocha."

"Lete mkono."

Sikuelewa. Akaniambia tena, taratibu, kama anavyowaeleza wadogo sheria ya kuotea: "Hospitali wana mkono wa Greda. Ni huo wako? Na ruhusa ya mama yake Greda ninayo, ina dole gumba, popote mpira utakapompeleka. Wewe ni nani? Mtu mzima unafanya nini kwenye bweni la watoto?"

Kisha akaendelea kufuta kombe. Hakupandisha sauti hata kidogo, Dada. Ningefurahi angepiga kelele.

Kitanda changu kimepewa mwingine. Nalala stoo, kwenye godoro lake. Sweta ameliacha.

Mimi


Nyumbani, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Tumetoka polisi, tumetoka ofisi ya michezo, tumetoka polisi tena. Mama amekalia mabenchi yote ya mji huu.

Wanasikiliza vizuri, wanatuletea hata maji. Halafu wanasema hivi: kijana wenu mkubwa ameondoka kihalali, picha ya mkono ni yake, ruhusa ya mama ipo, mama mwenyewe amelitambua dole gumba lake. Mama anawaambia, ruhusa ile ni ya mkubwa, aliyekwenda ni mdogo. Wanamuuliza, una uhakika gani, ulikuwepo? Na Kitinda wamemwandika amepotea, kweli, lakini mara ya mwisho alionekana akipanda lori la maziwa. Kwa hiyo wamemshika dereva. Wanamtafuta mtoto wetu kwenye mitaro ya njia ya maziwa, wakati wewe na mimi tunajua hayuko huko. Dereva anawaambia alimfikisha shuleni, na shule inasema haijawahi kuwa na mtoto wa jina hilo. Nimempelekea chakula leo. Ameniuliza kama wewe hujambo.

Kuna ofisa mmoja wa michezo, mama mtu mzima, alitufuata nje. Amesema hawezi kuigusa kambi ile wala yule wakala mpaka ionekane kwamba aliyeondoka si mwenye jina. Na hilo linaonyeshwa na kitu kimoja tu. Mwenye jina aje aweke mkono wake kwenye mashine ile ile.

Najua maana yake. Watalichukua kombe. Wenzako watakuchukia. Kocha atasema ulimdanganya tangu siku ya kwanza, na watu watamsikiliza yeye. Mpira utakuwa umekwisha, na darasa la saba pia, na hakuna kambi itakayokupokea tena, na mtihani hukufanya hata mmoja. Utatoka hapo mikono mitupu, una miaka kumi na saba na asilimia ambazo huzijui.

Sikuamuru. Nimekuamuru mara nyingi na hukunisikia, na safari hii nataka iwe yako. Nakwambia tu kwamba Mama ameacha kuwaonyesha watu ile picha.

Dada yako


Nje ya hospitali, 3 Mei

Dada,

Nimeweka mkono.

Bamba lile ni baridi kuliko Kitinda alivyosimulia. Alisema ni baridi kama sakafu ya asubuhi, kumbe alikuwa anajikaza. Fundi wa picha ni yule yule. Aliniuliza jina, nikalisema lote, na kwa mara ya kwanza sikuongeza kitu. Akaacha kuandika. Akasema mwenye jina hilo anamkumbuka, mtoto mcheshi, mkono wake ulikuwa haujafika hata nusu ya bamba. Nikamwambia huyo ni mdogo wangu, piga, mzee, utaona.

Aliitundika picha yangu kwenye ubao wa taa, pembeni akatundika ya Kitinda. Majina yanafanana, herufi kwa herufi. Yangu imefunga karibu yote, mfupa umeshikana na mfupa kama ukuta uliopigwa lipu. Yake ni vipande vipande, vimeelea, utadhani vinasubiri mtu aje avipange. Ofisa yule mama alizilinganisha mfupa kwa mfupa. Kisha akaomba kiti.

Dereva ameachiwa leo. Mengine yamekuwa kama ulivyosema. Kombe limefuatwa. Nilipokwenda kuchukua sanduku langu wenzangu walinigeuzia mgongo, isipokuwa mmoja aliyetema mate karibu na mguu wangu, nami nikamwona ana haki. Kocha ameandikisha maelezo kwamba nilimlaghai yeye na shule. Ameyatoa akiwa amevaa tai.

Na sasa hili, Dada. Mweleze Mama taratibu, au usimweleze mpaka nirudi.

Ofisa aliipigia kambi simu mbele yangu, akaweka sauti nisikie. Wamesema Greda hayupo kwao. Alikaa siku chache, wakala akaja akamchukua. Amempeleka timu nyingine, mbali, kwenye kundi la watoto wa chini ya miaka kumi na moja. Wamesema huko hatumii jina la Greda. Amepewa jina lingine, na miaka mingine. Ofisa akauliza jina gani. Yule mtu akasema yeye ni mlinzi tu, akakata.

Kwa hiyo nimelirudisha jina langu, na yeye halimsaidii tena. Ofisa ameniuliza kwa upole nitamtafutaje mtu ambaye sijui anaitwaje.

Fundi ndiye aliyenisaidia. Amenipa nakala ya picha ya Kitinda, ameizungushia karatasi ngumu isikunjike. Akanionyesha kidole cha mwisho, mfupa wake umepinda kuelekea ndani. Nikakumbuka, ni kile cha Mama, kile asichoweza kukinyoosha. Majina watambadilishia na miaka watampunguzia, ila kidole hicho wamekiacha. Nitakwenda kwenye kila uwanja ambako watoto wadogo wanacheza, na wakimaliza kupeana mikono nitasimama pale nitazame.

Dereva amesema atanifikisha mwisho wa njia yake bila kuniuliza kitu. Mpe tabasamu zima, Dada. Alinuka rumande badala ya mtindi na bado alinisalimia kwanza.

Fundi ameniambia kitu kingine nilipokuwa nafungua mlango. Mianya ile, amesema, itaanza kujifunga miaka michache ijayo, mmoja baada ya mwingine, na ikishajifunga hakuna tena anayeweza kumwita mtoto. Siku hiyo yule wakala hatakuwa na kazi naye. Atamshusha tu mahali, kwa jina ambalo sisi hatulijui.

Naondoka sasa hivi. Lori limeshawashwa.

Kaka yake Kitinda